Mpini wa Mtungi wa Manjano

Kwa miaka thelathini na minne Jepchumba wa Kachibora alitengeneza maziwa ya mursik, yale yanayogandishwa kibuyuni kwa makaa, wala hapakuwa na mtu aliyewahi kushikwa na tumbo kwa ajili yake. Ujuzi aliurithi kwa mamaye. Kibuyu kilisuguliwa ndani kwa kijifagio na maji ya moto, kikaanikwa juani hadi kikauke. Kisha kijiti cha mti wa senetwet, ncha yake ikiwa kaa jekundu, kikaingizwa na kuzungushwa hadi ukuta wote wa ndani ukawa mweusi. Muumba aliweka katika mti ule uchungu usiopatana na vijidudu, na katika maziwa yenyewe ukali unaozidi kadiri yanavyoganda. Lakini mamaye alikuwa amemwonya: "Makaa hayaoshi. Makaa hulinda kilichooshwa."

Bintiye Jelimo, aliyeolewa Bungoma, alikuwa na mimba ya miezi saba, baada ya mbili kuharibika. Wakwe wakaandaa siku ya kumwombea, wakataka maziwa ya kutosha watu sitini. Vibuyu vya Jepchumba havikuzidi vinne. Basi akatwaa mtungi wa plastiki wa lita ishirini, uliokuwa ukibeba maziwa mabichi kwenda sokoni tangu msimu wa kupanda. Akautia maji, sabuni na kokoto, akautikisa. Kidole chake kilipofika pale ambapo mpini, wenye uwazi ndani, huungana na tumbo la mtungi, kilirudi na utelezi kama wa mgongo wa kambare. Akasuuza. Utelezi ukabaki. Kijiti hakikuweza kupinda na kuingia mle mpinini. Akasaga makaa ya senetwet, akayamimina, akatikisa mpaka ndani kukawa kweusi kote, asiuone tena ule ute.

Siku ya nne tangu atie maziwa mtungini, mchana, mumewe Kipkosgei akanywa kikombe kizima.

"Hii iko na kitu inauma ulimi," alisema.

"Ni senetwet, mzee. Ulimi wako ndio umezeeka."

Alfajiri iliyofuata mkwewe Wamalwa, mume wa Jelimo, alikuja na pikapu, akauchukua mtungi. Kipkosgei hakutoka kumsalimu. Alikuwa amejikunja kitandani, ameshika tumbo. Jepchumba akayalaumu maharagwe ya jana. Akabaki kumpikia uji, akamwacha mikononi mwa jirani yao Kemboi, ndipo akaifuata safari.

Alipofika Kitale simu ikalia.

"Mama Jelimo, mzee tumemkimbiza hospitali," Kemboi alisema. "Anahara damu. Daktari anauliza alikula nini."

"Maharagwe."

"Si hayo tulikula sisi wote? Na mimi niko sawa. Alikunywa nini peke yake?"

Jepchumba akauhisi tena ule utelezi kidoleni.

Alimpigia Jelimo, simu ikaita mpaka ikakatika. Ya Wamalwa vivyo hivyo. Kiminini ikapita, Kamukuywa ikapita, naye alikuwa akikisugua kidole kwenye leso, akiomba sala isiyokuwa na maneno.

Alipoingia uani kwa wakwe, wageni walikuwa wamekwisha kuketi. Nasambu, mamaye Wamalwa, alisimama kando ya mtungi; na kikombe cha kwanza, kama ilivyostahili, kilikuwa mikononi mwa yule aliyeombewa.

"Karibu, mkwe!" Nasambu akamwita. "Tumekungoja mpaka shingo imekuwa ya twiga, bana!"

"Jelimo, weka kikombe chini."

"Ati anataka kuonja mbele ya mtoto!" mzee Makokha, mmoja wa wageni, akatania, na watu wakacheka.

"Maziwa haya ni mabaya," Jepchumba akasema. "Nimeyaharibu mimi, kwa mkono wangu. Baba yako yuko hospitali."

Jelimo akashusha kikombe. Juu ya mdomo wake palikuwa na mstari wa kijivu.

"Nimeonja tu, Mama."

Siku ya tatu homa ikampanda Jelimo, akalazwa hospitali. Kwa siku kumi na moja wauguzi waliutafuta mpigo wa moyo wa mtoto, asubuhi na jioni, na kila mara Jepchumba alitoka nje ya mlango kabla hawajasema wameupata. Kipkosgei, aliyekwisha kupona, aliupasua ule mtungi kwa panga. Ndani ya mpini, chini ya makaa, ute ulikuwa umejengeka kama ngozi ya pili. Makaa yalikuwa yameufunika tu, kama shuka.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo mno, lakini hai. Siku ya kumpa jina, Nasambu aliagiza maziwa tena. "Lakini kwa kibuyu," alisema.

Jepchumba akaja nayo, kibuyu kimesuguliwa, kimekaushwa, kimechomwa. Akamimina, akanywa yeye kwanza, kikombe kizima, mbele ya wote.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Tutakunywa kesho, mkwe," Nasambu akasema kwa upole, akamvutia kiti.

Jepchumba akaketi. Nyumbani mle mtoto akalia, akanyamaza. Na watu wote wakaendelea kumtazama bibi yake aliyekunywa, waone kama atashika tumbo.