Asubuhi Mara Moja, Jioni Mara Moja

Kwa miaka tisa Fauziya alikula kwa kungoja. Alikuwa karani wa kampuni ya kuvusha mizigo Busia, upande wa Uganda, na kazi yake ilikuwa kufuatilia makaratasi ya malori. Hapo mpakani alijifunza adabu moja isiyoandikwa popote: ukishapeleka karatasi dirishani, nenda ukaulize asubuhi mara moja na jioni mara moja. Anayeuliza kila saa ni msumbufu, na faili la msumbufu hurudi chini ya rundo.

Alikuwa hodari wa maneno, kwa hiyo kampuni moja ndogo ya programu mjini Tororo ilipomwajiri kuandika miongozo kwa Kiswahili, hakuna aliyeshangaa. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa mwongozo wa Chungulia.

Jina lisikutishe. Siku hizi waandishi wa programu hawaandiki peke yao. Wanatuma mawakala wa akili mnemba. Unampa wakala kazi, naye anaandika programu mwenyewe ndani ya kompyuta huku wewe ukiendelea na yako. Chungulia ni chombo cha kuangalia hali yao. Unaandika neno hilo moja tu, kinakujibu nani yuko kazini, nani amemaliza, nani amekwama na anangoja umjibu swali.

Fauziya alisoma maelezo ya mafundi, akayapanga vizuri, na kwenye ukurasa wa tatu akaongeza la kwake: "Usiulize hali mara kwa mara, utamsumbua wakala. Asubuhi mara moja, jioni mara moja, yatosha." Hakuna fundi aliyemwambia hivyo. Chungulia chenyewe hakuwahi kukifungua hata siku moja. Mazoea yana tabu: mkono uliandika, naye akauona umeandika busara.

Aliyeiamini busara hiyo ni Goretti, mama wa watoto wawili kutoka Kwapa, aliyekuwa kazini kwa majaribio. Kwao umeme huja unapotaka, basi aliunakili mwongozo wote daftarini kwa mkono, neno kwa neno. Alikuwa amepewa kutengeneza programu ya kupanga zamu za mashine ya kukoboa mahindi ya wakulima wa Mukuju. Kila siku saa mbili asubuhi alimtuma wakala wake. Haukupita muda, wakala alisimama kuuliza jambo dogo la ndiyo au hapana. Naye Goretti, mtu wa adabu, akangoja jioni, ofisi ikikaribia kufungwa, ndipo achungulie. Wiki nzima wakala alifanya kazi dakika chache kwa siku, na wakulima wakachoka kungoja.

Jumatatu, Arnold mwenye kampuni alimsema mbele ya wote.

"Goretti, wewe unalala tu! Wakala anakungoja siku mzima, huangalii."

"Bosi, mimi nafuata mwongozo. Imeandikwa tusisumbue."

"Wapi? Kesho nitasoma mwenyewe."

Fauziya alikuwa ameketi karibu na dirisha, na uso ukamwaka moto. Neno moja lingetosha. Hakulisema. Mchana huo akaufungua ukurasa wa tatu, akaifuta sentensi yake, akafunga kompyuta na kujiambia kwamba amerekebisha. Kurekebisha! Alifuta nyayo zake tu, na alilijua hilo. Jioni, njiani kurudi Busia, aliona aibu hata kujitazama kwenye kioo cha simu.

Asubuhi ya Jumanne Arnold aliwaita wote wawili, ukurasa ukiwa wazi mbele yake. Sentensi haikuwepo. Goretti akatoa daftari.

"Daftari si unaandika mwenyewe?" Arnold akasema taratibu. "Uvivu naweza samehe. Uongo hapana. Kesho usirudi."

Goretti hakulia. Alimgeukia Fauziya.

"Dada Fauziya, wewe ndiyo uliandika hii kitu. Ama macho yangu iliona vibaya?"

Hakuwa akimkejeli. Alikuwa anauliza kweli, tayari kuyakana macho yake mwenyewe kama dada Fauziya angesema hivyo. Hapo Fauziya alijiona mdogo kuliko alivyopata kujiona maishani. Aibu ya jana ilikuwa ya kukosea. Hii ilikuwa ya kumwibia mtu ukweli wake.

Aliivuta kompyuta ya Arnold, akafungua kumbukumbu za ukurasa, kwa maana mwongozo ule ulihifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya. Fauziya ameongeza. Fauziya amefuta, jana, saa tisa alasiri.

"Aliyeandika ni mimi," alisema. "Aliyefuta pia ni mimi. Nilitoa kichwani, mambo ya mpakani. Chungulia yenyewe sijawahi kufungua."

Arnold aliisoma mistari ile mara mbili. "Goretti, kesho uje," akasema hatimaye. Kisha akaufunga ukurasa bila kumtazama Fauziya, na heri angemgombeza.

Walirudi mezani kwa Goretti. Goretti akafungua daftari, akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja ulionyooka, akabaki na kalamu mkononi.

"Sasa niandike nini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Fauziya, zuri na lenye mpangilio. Akalimeza.

"Ngoja, nijaribu kwanza."

Akaandika chungulia kwenye kompyuta ya Goretti. Jibu likaja. Akaandika tena, na tena, mara kumi. Hakuna wakala aliyesumbuka, hakuna faili lililorudi chini. Mstari ulikuwa uleule: Wakala anangoja jibu lako. Ameuliza saa mbili na dakika ishirini.

"Na sasa ni saa ngapi?" Goretti akauliza.

Ilikuwa saa tano kasorobo. Fauziya alimwambia bila kuinua uso, na Goretti akaandika saa zote mbili daftarini, moja chini ya nyingine.