Kahawa Ambayo Baba Hakuwahi Kuionja

Mwaka ule nilikuwa nimelewa kitabu. Kila Jumamosi, kwa rafiki yangu fundi cherehani pale mtaani Sokon One, vijana tulikuwa tunamsoma yule mzee wa Kizungu mwenye ndevu aliyeuchambua ubepari: kwamba mtu hutengeneza kitu kwa jasho lake, halafu kitu kile kinageuka mgeni kwake. Nilikuwa natembea mjini nacheka peke yangu. Kila nilichokiona kilikuwa mfano!

Nikamwambukiza na mchumba wangu, Mchaga muuza spea. Hapo nilijiponza, maana ndiye aliyekuwa anakuja kwetu Nkoaranga kujitambulisha kwa baba, na mimi nilimtaka mtu huyu sijui niseme vipi. Njia nzima ya kupanda mlima nilimsihi, "Leo usilete habari za ndevu."

Mama akaleta chai. Kwetu mibuni imefika hadi mlangoni, lakini kahawa ni ya kuuza. Mgeni anapewa chai. Mwenzangu akaitazama chai, akaitazama mibuni dirishani. Nikajua kumekucha.

"Baba, samahani. Hivi hii kahawa yako umewahi kuionja?"

Baba akafikiri sana. "Bado," akasema. "Tangu nizaliwe, bado."

Basi nyumba ikachangamka! Mama kwenye kinu, baba kwenye ungo, mgeni na tai yake kwenye kikaango, moshi hadi kwa jirani. Hakuna aliyejua kipimo. Tukaichemsha ikawa nyeusi kama lami, tukainywa kwa vikombe vya chai vilivyojaa. Mioyo ikaanza kwenda mbio. Baba hakuweza kukaa tena, akawa anazunguka sebule huku mwenzangu anammiminia habari za ndevu.

"Kwa hiyo anayetoa jasho ndiye mwenye mali?"

"Ndiyo, baba!"

"Basi binti si wangu. Aliyemlea ni mama yake. Mwombe yeye."

Mama alicheka hadi akashika ukuta. "Mimi nimeshakubali. Mchukue!"

"Mchukue?" Nikasimama. "Kwani mimi debe la kahawa? Mbona mimi mwenyewe sijaulizwa?"

Na kweli, mchumba wangu hakuwahi kuniuliza. Tulijadili ubepari mpaka tukajikuta wachumba. Mwenzangu akaweka kikombe chini, jasho linamtiririka.

"Unanitaka?"

Nikasema ndiyo. Nilisema mara nyingi mno, na sitaisingizia kahawa.

Baba alikuwa ameshakirudia kinu. "Kumbe ndiyo maana," akasema huku anatwanga, "wanunuzi wanaichukuaga yote."