Mlembe wa Nyuma ya Maktaba

Ninaishi na mjukuu wangu katika nyumba za wafanyakazi wa chuo, hapa Tabora. Yeye anafanya kazi maktaba. Mimi kazi yangu ni kukaa barazani na kuangalia ndege, na mwaka mzima hawaniishii.

Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wanafumuka ardhini na korongo wanashuka kwenye uwanja wa mpira, wanatembea polepole kama wasimamizi wa mtihani. Mbayuwayu nao wanajaa kwenye nyaya za umeme. Mahindi yakikomaa, mnana wanasuka viota kwenye mianzi ya karibu na jiko, na kelele zao zinashinda za wanafunzi. Kipupwe kikija, wengi wanaondoka. Asubuhi unasikia hondohondo tu, wanaguna kwa mbali kama wazee wanaopanga msiba. Wote nawajua kwa majina, kwa Kinyamwezi na kwa Kiswahili. Shule niliishia darasa la pili, lakini majina hayanipotei. Hata watu ambao hawapo tena nawakumbuka wote, wao na baba zao.

Ni mmoja tu nilikuwa sitaki kumsikia: mlembe. Huyo anakuja zaidi kiangazi, majani yakishapukutika. Ni mdogo, wa kijivu, hana uzuri wowote. Lakini akikuona anakulilia kama kiberiti kinachotikiswa, anarukia mti wa mbele, anakungoja, anakuita tena. Ukimfuata anakufikisha kwenye nyuki. Warina asali wa kwetu wanamwitikia kwa mluzi, na wakishapakua wanamwachia sega lake juu ya jani.

Mume wangu alikuwa mrina asali. Kabla chuo hakijajengwa, hapa palikuwa pori, na ile njia ya zamani ya misafara, waliyopita wapagazi na pembe zao za ndovu, ilipita nyuma ya hapo ilipo maktaba sasa. Siku hiyo tulikuwa tunatoka kukata kuni. Mlembe akalia. Mume wangu akacheka, akapiga mluzi wake. Jino la mbele hakuwa nalo, basi mluzi ulikuwa unakatika katikati, kisha unapanda. Akaniambia, "Tangulia, mama, kabandike maji. Nakuja na kitu kitamu." Nikausikia mluzi ukienda, ukienda. Maji yalichemka mpaka yakakauka. Watu walimtafuta, hawakuona shoka wala katambuga zake za tairi.

Katika ukoo wao, mtu akipotea namna hiyo haliliwi mpaka mkewe aende pale walipoachana, amwite kwa jina lake, kwa sauti. Asipoitika, ndipo matanga yanawekwa. Mimi sikwenda kuita. Ndugu zake wakanibembeleza, wakanuna, wengine wamekufa wakiwa wamenuna. Niliona hivi: nisipoita, bado hajakataa kuitika.

Sasa mjukuu wangu akajifungua mtoto wa kiume, akataka kumpa jina la mume wangu, babu yake. Haikuwezekana. Jina la mtu ambaye hajaliliwa hapewi mtoto, maana ukiliita unaita wawili. Basi kitukuu changu akakaa hivyo hivyo, tunamwita Mgeni. Akaanza kuketi, akaanza kutambaa, bado ni Mgeni.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akaja kutoka Mtendeni kuniomba.

"Shemeji, hata marehemu angependa…"

"Marehemu nani?"

Akanywa chai yake.

Alipoondoka, mjukuu wangu akaanza na utani wetu. "Mke mwenzangu, huyu mume wetu tutamgoja mpaka lini?"

"Wewe nani? Mimi ndiye niliyetolewa ng'ombe."

"Na ng'ombe wenyewe wameshaliwa wote! Mtoto ataanza shule anaitwa Mgeni?" Kisha kicheko kikamwisha. "Bibi, nikimwamsha anyonye, sijui nimwiteje."

Hilo lilinikaa kifuani.

Joto la Oktoba lilipopanda, mlembe akaja mpaka barazani. Akanililia, akarukia mti wa mbele, akangoja. Nikachukua fimbo yangu, nikamfuata. Nilipita katikati ya madarasa, wanafunzi wamekaa kwenye ngazi.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, wajukuu."

"Bibi, umechelewa kipindi!"

"Mwalimu wangu yuko mtini," nikawaambia, wakacheka.

Nyuma ya maktaba kuna uzio wa waya, na ng'ambo yake ni pori. Mlembe akavuka. Mimi nikashika waya. Ndipo nikasikia mluzi huko ndani. Ulikatika katikati, kisha ukapanda.

Najua warina asali wapo mpaka leo. Najua na vijana wana mapengo. Lakini miguu yangu haikujua hayo, ilisogea mpaka kifua kikagusa waya. Mluzi ukaja tena, karibu zaidi. Nikamwita mume wangu. Nilimwita kwa jina lake lote, na la baba yake, kwa sauti ambayo sikujua kama bado ninayo.

Mluzi ukakoma. Mlembe naye akanyamaza. Angekuwa mrina mwingine, angeuliza, "Nani huyo?" Au angeendelea na kazi yake. Nilisimama pale mpaka kivuli cha maktaba kikanifunika, na hakuna aliyeitika.

Nikarudi, nikamwambia mjukuu wangu, "Mpigie shemeji simu. Aje na ndugu zake tuweke matanga." Hakunitania. Alinipakatisha mtoto, akalia, yeye ambaye babu hakumwona hata siku moja.

Matanga yalipoanuliwa, mtoto akapewa jina. Watu wa ukoo wakampokezana, kila mmoja anamwita kwa nguvu na vigelegele juu. Waliponipa mimi, niliweka mdomo sikioni pake nikamnong'oneza, akacheka kwa kutekenywa. Mpaka leo nikiwa naye barazani namwita hivyo hivyo, kwa kunong'ona. Yule mwingine akiitika, nitamjibu nini?