Mafundo Manne ya Baba

Wiki iliyopita, hapa Geita, kijana wa bodaboda alipita mbele ya duka langu pikipiki yake ikipiga mizinga, pa, pa-pa, na wenzake wa kijiweni wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilikaa chini juu ya gunia la mchele. Jamani, mlio ule naujua, na leo nitawaambia nilianza kuusikia wapi.

Nilikulia kijijini, mwendo wa nusu siku kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka Shinyanga mjini. Baba alikuwa na pikapu kuukuu inayonuka petroli na pamba, gari pekee kijijini. Kusoma hakujua. Darasa la elimu ya watu wazima alihudhuria siku moja tu, akakuta mwalimu ni kijana ambaye yeye baba aliwahi kumchapa kwa kuiba mapera yetu, akarudi nyumbani akidai macho yanamuuma. Basi nyaya nne za plagi, zinazopeleka moto kwenye injini na hazipaswi kubadilishana, alizitia alama yake mwenyewe: kila waya aliufunga kipande cha uzi wa pamba, fundo moja, mawili, matatu, manne, kuanzia upande wa rejeta. Akizichomoa kusafisha plagi, alizirudisha kwa kupapasa mafundo huku amefumba macho, watu wakimtazama.

"Fundi wa vitabu anaweza hivi?" aliuliza.

"Anaweza," mama alimjibu, "ila yeye haringi."

Nilikuwa na miaka saba, na mwanasesere wa gunzi asiye na nywele. Siku moja nilikuta boneti wazi. Nikafungua nyuzi za nyaya mbili za katikati, nikakata ncha zake, nikamsuka mwanasesere vishungi viwili. Mara nikasikia baba akikohoa uani. Nikazifunga nyuzi upesi upesi bila kuangalia upi ulitoka wapi. Nyaya zenyewe sikuzichomoa, kwa hiyo kesho yake gari liliwaka vizuri, nami nikasahau.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, baba alizichomoa nyaya zote, akasafisha plagi, akazirudisha kwa mafundo yake. Mchana huohuo mama akashikwa na uchungu. Mkunga alikuwa ameshatuonya kwamba mtoto amekaa vibaya, lazima azaliwe hospitali. Baba akamlaza mama kwenye godoro nyuma ya pikapu, akawasha.

Pa! Pa-pa! Moto ukaruka kwenye kabureta, gari likatetemeka lote, likajikokota hadi kisimani, likazima.

"Petroli ina maji," baba alisema. Miaka ile mafuta yalikuwa ya shida, tukiyanunua kwa chupa kwa watu tusiowajua, hivyo hakuna aliyembishia. Akamwaga petroli, akatia nyingine. Pa! Akafungua kabureta, akaipuliza kwa mdomo mpaka midomo ikababuka. Pa! Akasugua platini, kile kifaa cha kukatiza umeme wa injini, kwa msasa. Akachomoa nyaya, akazirudisha kwa kupapasa, macho amefumba. Pa-pa! Mafundo hakuyatilia shaka hata mara moja. Kila mlio mama alishtuka na kushika tumbo.

"Baba Kabula, achana na gari," alisema. "Tafuta ng'ombe."

"Bado kidogo tu."

Alilisema neno hilo mpaka jua likageuka. Jirani yetu, Mzee Masanja, ndiye aliyekuja na mkokoteni bila kuitwa. Mama alifia njiani, na mtoto akiwa bado tumboni. Nilikuwa nikitembea kando ya gurudumu nimembeba mwanasesere wangu, na nilijua mama amekufa kwa sababu mkono wake ulining'inia nje na hakuna aliyeurudisha.

Msibani wajomba zangu walimwambia baba mbele ya watu kwamba kiburi chake kimemuua dada yao. Aliwaambia tu kwamba petroli ilikuwa na maji. Matanga yalipokwisha alishinda siku nzima kwenye boneti peke yake. Jioni nikasikia injini ikiunguruma laini. Baba akaja nilipokaa, akavitazama vishungi vya mwanasesere kwa muda mrefu, akaondoka. Kesho yake alirudi kutoka mjini na kibonge kizima cha uzi mweupe.

"Wa mwanasesere wako, mayu," alisema. Kwetu baba humwita hivyo bintiye anapompenda. Nilifurahi. Naona aibu kuliandika hilo, lakini nilifurahi sana.

Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto watatu, gari la mume wangu lilipopiga mlio ule hapa Geita. Fundi aliinama kidogo tu. "Mama Neema, nyaya mbili zimebadilishana. Hii ya pili na hii ya tatu." Nikavikumbuka vishungi viwili vya mwanasesere wangu.

Siku ya pili nilipanda basi hadi Ngokolo, mtaa wa Shinyanga mjini, ambako baba aliishi uzeeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu."

"Baba, zile nyuzi za kwenye nyaya, mimi ndiye—"

Akainua mkono kunizuia. "Petroli ilikuwa na maji."

Ndipo nilipoelewa kile kibonge cha uzi, na kwa nini alikubali kuitwa muuaji na shemeji zake mpaka wa mwisho wao akazikwa bila kusalimiana naye. Nilitaka kusema zaidi. Alinishika kifundo cha mkono kwa vile vidole vyake vya kupapasa.

"Maji, Kabula," alisema. "Yalikuwa maji."

"Ndiyo, baba," nikamjibu, na tukalia wote wawili.