Gaudensia na Marahaba Inayochelewa

Mpwa wangu Gaudensia hajui kukaa. Chai anainywa amesimama, rozari anaisali akitembea, na siku ya ndoa yake alijibu "ndiyo" kabla padri hajamaliza kuuliza. Nimemlea mimi, kwa hiyo akili zake zimetoka kwangu. Huko kutotulia amekutoa kwa baba yake.

Ana kampuni ndogo pale Gongoni, Tabora mjini, chumba kimoja na nusu juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Kazi yao ni ukalimani. Bibi amelazwa hospitali huko Kanada, daktari anasema Kiingereza, bibi anasema Kirundi na Kiswahili cha Ulyankulu, na katikati yao, kwenye mtandao, yuko Gaudensia au mmoja wa wenzake. Sisi tumekulia Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi. Wazee wetu walifikia hapo walipotoka Burundi mwaka sabini na mbili, na baadhi yao walipelekwa mbele zaidi, kwenye baridi ya Kanada. Kwa hiyo lugha tunazo. Kilichokosekana ni mtandao.

Walikuwa wakitumia modemu ya laini ya simu. Asubuhi inakwenda vizuri, lakini jioni yetu ndiyo asubuhi ya Kanada, na jioni Tabora nzima iko kwenye simu. Sauti inakatika, mgonjwa anasikia nusu ya dawa. Bibi mmoja alimlalamikia daktari kwamba mkalimani ana dharau, anasalimiwa hajibu. Wakala wa huko anayewapa kazi akapiga simu: tukifika Ijumaa hamjarekebisha, nawapa wengine. Na wakala huyo ndiye kampuni yenyewe. Akiondoka, wanafunga mlango.

Basi wiki ile Gaudensia akawa kama kuku anayetaka kutaga. Anaenda dirishani, anarudi, anashika simu, anaiweka. Mimi nilikuwepo kama mshauri. Nilisoma hadi la saba nikaacha mwenyewe, nilipoona walimu hawana jipya.

"Mjomba, ondoka kwenye kiti cha wageni, kuna mgeni."

"Kwani mimi nani?"

"Wewe ni samani."

Mgeni alikuwa Eustace, muuza mtandao wa dishi. Dishi lenyewe kubwa, ungeweza kuogeshea mapacha. Alilifunga juu ya paa kwa majaribio, akapangusa mikono.

"Dada, hii inavuta moja kwa moja kutoka satelaiti. Huchimbi shimo, husimamishi nguzo, humwombi mtu ruhusa."

Wakapima kasi. Namba ikatoka ndefu, Gaudensia akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Mimi nikaomba kipimo cha wanaume: wakaniwekea mpira. Nikatazama kipindi kizima, mchezaji hajagandishwa hewani hata mara moja. Nikatoa hukumu kwamba dishi linunuliwe, na nikamweleza Eustace kwamba macho yangu hayajawahi kudanganywa.

Gaudensia alikuwa anazunguka meza. Akasimama ghafla. "Ngoja nimpigie mama kwa hilihili."

Mama yake ni Apolinaria, dada yangu, bado yuko Ulyankulu.

"Shikamoo mama."

Kimya.

"Mama?"

"Marahaba m... Unasemaje?"

"Nilidhani hu..."

"Nimeitikia, mbona unanikatiza?"

Wakanyamaza wote. Kisha wakaanza wote. Kisha wakanyamaza tena.

"Gaudensia," dada yangu akasema, "nimekukosea nini?"

Gaudensia akamgeukia Eustace. Kijana ni mkweli, nampa haki yake. Akasema satelaiti yao iko juu mno, sauti inapanda kule, inashuka, na jibu nalo linapanda na kushuka. "Kasi ipo, dada. Ila jibu linachelewa kidogo. Ukishusha filamu hutaona tofauti."

"Sishushi filamu. Mimi namwambia bibi mgonjwa shikamoo."

"Ni kitambo kidogo tu."

"Kaka, hicho kitambo ndicho kinachowafanya watu wasizikane."

Dishi likateremshwa. Sikutetea, mshauri mzuri anajua wakati wa kukohoa.

Kesho yake, Alhamisi, tukaenda ofisi ya watu wa waya wa mkongo. Huko kuna binti anaitwa Najiat, mtoto wa mjini, anaongea taratibu kama ana siku mbili. Kifurushi tulichokiweza kilikuwa na namba fupi, nikamwambia Gaudensia inafanana na alama zangu za hesabu. Hakunisikia. Alishaazima kompyuta ya Najiat akampigia mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo huna hasira?"

Jibu lilifika kabla mdomo wake haujafunga. Gaudensia akashika ukingo wa meza.

"Naomba huu. Lini?"

"Kesho tunavuta," Najiat akasema. "Lakini nguzo lazima isimame uani kwa jirani yenu, Mzee Abdulatifu. Akikubali."

Hapo mpwa wangu akapoa. Mzee Abdulatifu anashona magodoro ya sufi kibarazani, palepale tunapopandia ngazi. Kila asubuhi Gaudensia anampita mbio, vijiti vya simu masikioni, akiongea na ng'ambo. Mzee alishanilalamikia kwenye kahawa: "Mpwa wako anasalimia Kanada yote. Mimi ananiruka kama dimbwi."

Tulirudi Alhamisi hiyohiyo jua likiwa kali. Gaudensia akavua vile vijiti ngazini. Mimi nilitangulia kidogo, nikamnong'oneza mzee maneno mawili matatu, nikarudi nyuma.

"Shikamoo mzee."

Mzee akavuta uzi. Akaukaza. Akatafuta mahali pa kuchoma tena, akachoma. Gaudensia alianza kuchezesha kisigino. Nikamwona anataka kurudia, akajizuia. Akataka kuongeza neno, akalimeza. Mzee akainama, akakata uzi kwa meno.

"Marahaba," akasema. "Huko juu mnafanya nini hasa?"

"Ni habari ndefu, mzee."

"Kaa."

Akakaa juu ya gunia la sufi. Nilikuwa sijamwona mtu huyu amekaa tangu alipokuwa na tetekuwanga. Akaeleza wagonjwa, daktari, wakala, Ijumaa. Mzee akauliza habari za kila mmoja, hata baridi ya Kanada inafananaje. Wateja wawili walikuja na kuondoka. Mwishowe akanyoosha sindano kuelekea uani: "Iwekeni pembeni kule, mbali na kamba ninayoanikia."

Nguzo ikasimama asubuhi, waya ukaingia mchana. Ijumaa jioni wakala alikuwa anasikiliza, daktari anasubiri, na Gaudensia anatembea hadi kamba ya vipokea sauti inamvuta kichwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni wa Ulyankulu ipi?"

Wakala hakuondoka. Gaudensia naye hajabadilika, bado anapanda ngazi mbili mbili. Ila kila asubuhi sharti asimame kibarazani, na mzee bado anavuta uzi wake polepole, anaukaza, anatafuta pa kuchoma, mpwa wangu akiungua miguu. Nani aliyemfundisha mzee kuichelewesha ile marahaba? Mimi nilikuwa nakunywa kahawa tu.