Mume Wangu na Matrekta Yake

Mume wangu, Luan Depu, aliingia kiwandani akiwa kijana na akatoka akiwa mstaafu, na muda wote huo hakuniambia alikuwa anafanya nini humo. Ukimuuliza, jibu lake ni moja: matrekta. Mji wetu mzima wa kaskazini ulikuwa unasema matrekta. Hayo matrekta yakijaribiwa nyuma ya kilima, vikombe vilikuwa vinagongana kabatini, na watoto wa chekechea ya kiwanda, niliokuwa nawalea mimi, walikuwa wanabishana leo umelia mzinga gani.

Sikulalamika, maana ndivyo tulivyoishi. Kiwanda hakikuwa na jina, kilikuwa na namba. Siku ya kuanza kazi, mkuu wa karakana aliwapanga vijana mstari akawaapisha kutosema neno nje ya geti. Wenzake waliapa kama watu, wakarudi nyumbani wakawanong'onezea wake zao. Wangu mimi aliapa akafunga kabisa. Hata usingizini haropoki, na nimemtegea sikio sana.

Kisha kikaja kikohozi. Daktari Geng, binti mpole wa hospitali yetu, alituonyesha picha ya mapafu yamejaa makovu. Akasema hayo yanaweza kuwa ya vumbi la kazini, au ya ugonjwa mwingine kabisa, na dawa ya huu inaweza kumuumiza mwenye ule. Hawezi kuanza kutibu kwa kubahatisha.

"Babu, kazini ulikuwa unavuta vumbi gani?"

"La matrekta."

Nilitamani kumzaba kofi mbele ya daktari. Miezi ikapita, ngazi za nyumbani zikaanza kumshinda, na yeye midomo ameibana tu.

Binti yetu Suyan anafanya kazi hotelini Zhuhai, huko kusini kunakofanyika maonyesho ya silaha. Akanipigia simu kwamba hoteli imejaa majenerali wa kila rangi, kwa sababu siku hizi dunia nzima inakuja kununua kwetu: ndege zisizo na rubani, makombora, na hayo matrekta ya baba. Akasema nimlete baba aone kwa macho yake kwamba siri imekwisha. Nikamdanganya Depu kwamba tunakwenda kumwona mtoto, tukapanda treni.

Kwenye uwanja wa maonyesho, vifaru, ndiyo matrekta yenyewe, vilikuwa vimepangwa juani, vimepigwa rangi mpya, vinameremeta kama maharusi. Msichana mwenye kipaza sauti alikuwa amefungua mfuniko wa kimoja na kumkaribisha afisa mmoja wa kigeni aingize kichwa ndani. Afisa akauliza unene wa chuma, akajibiwa. Akauliza kinakwenda umbali gani kwa tangi moja la mafuta, akajibiwa tena, kwa tabasamu. Pembeni watoto walikuwa wananunuliwa vifaru vya plastiki.

Depu akajivuta taratibu hadi kwa yule msichana, akamwinamia.

"Binti, punguza sauti."

Msichana alidhani mzee amepotewa na jamaa zake. Akampa kipepeo cha karatasi cha kujipepea, chenye picha ya kifaru, na kumwonyesha benchi. Depu akakisunda ndani ya koti, picha imeelekea kifuani. Hapo uvumilivu ukaniishia.

"Yule mgeni kashuka kwenye ndege jana tu, leo anaijua kazi yako kuliko mimi," nikamwambia. "Daktari wako ndiye asijue?"

"Hawa wameruhusiwa kusema. Mimi kaniruhusu nani?"

"Aliyekuapisha si alishakufa?"

"Sasa unataka nikamuulize wapi?"

Nilinuna njia nzima ya kurudi. Treni ilipokaribia nyumbani kikohozi kikamshika mpaka abiria wakahama viti, na nilipokuwa nampigapiga mgongo hasira zote zikaisha, ikabaki hofu tupu.

"Depu, naogopa," nikamwambia. "Ukifa, mimi nitagombana na nani?"

Kesho yake asubuhi nilimkuta ameshavaa, ananisubiri mlangoni twende hospitali.

Daktari Geng akauliza swali lake lile lile. Depu akanigeukia.

"Mama Suyan, hebu toka nje kidogo."

"Mimi?"

"Daktari ana kazi nalo hili. Wewe huna."

Nikatoka, na mlango nikaubamiza. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Lakini masikio ya Depu yaliharibikia huko huko kiwandani, na mtu asiyesikia hajui kunong'ona. Sauti yake ikaja mpaka barazani, kila neno. Alikuwa anaingia tumboni mwa kifaru na bomba la kupuliza mchanga, anakwangua kutu kabla ya kupaka rangi. Mdomoni kitambaa tu. Jioni mate yake yalikuwa yanatoka meusi, na alikuwa ananawa sana kabla ya kurudi, nisije nikaona.

Watu barazani wakaanza kuinua vichwa, na kijana mmoja akaweka simu chini asikilize vizuri.

Nikamgeukia mama aliyekaa karibu yangu, nikamuuliza, kwa sauti ya kumzidi Depu, kabichi za kuweka akiba ya majira ya baridi mwaka huu zinauzwa wapi. Akanielekeza. Nikamwambia sijasikia, aseme tena.