Mkuyu wa Mkunga

Kinyozi alikuwa na miaka arobaini na saba alipoanza kujifunza kukuza miti midogo, na mkewe alicheka hadi akashika mbavu. "Mwanamume mzima kuhangaika na mti unaoenea kwenye sinia!"

Mwalimu wake alikuwa mkunga mstaafu, mjane aliyeishi ghorofa ya juu ya duka lake la kunyolea. Kwenye roshani yake alikuwa na bonsai kumi na mbili, miti ya kweli iliyozeekea kwenye vyungu bapa bila kupita urefu wa goti. Kinyozi alipanda siku moja kulalamikia maji yaliyodondokea mlangoni kwake. Akashuka baada ya saa mbili, malalamiko ameyasahau.

Tangu hapo alipanda kila Jumatatu, siku yake ya mapumziko. Mkunga alimfundisha kuzungushia tawi waya wa shaba bila kuchubua gome, na kupima unyevu wa udongo kwa kidole. Kilichomshinda ni kungoja.

"Leo tunakata wapi, Mama?"

"Leo hatukati. Leo tunatazama."

"Si tulitazama juma lililopita?"

"Na bado hujaona kitu, mwanangu. Hapa si kichwani kwa mteja. Nywele ukikosea, zinaota."

Mti ambao mkunga aliupenda kuliko yote ulikuwa mkuyu aliouanza mwaka aliofiwa na mumewe. Alipokwenda kupasuliwa jicho, akamwachia kinyozi funguo kwa wiki tatu. "Maji tu, basi. Mkuyu usiuguse, umechoka."

Kinyozi aliitikia kwa moyo mweupe. Lakini wiki ya pili aliona tawi moja limekwenda kombo, akajiambia amfurahishe mama wa watu akirudi. Akalikata. Mkono ulipokolea, akakata na la pili, kisha akautoa mti chunguni, akapunguza mizizi. Siku ya nne majani yakanyauka. Siku ya tisa mkuyu ulikuwa kuni.

Mkunga alirudi na kitambaa jichoni.

"Wadudu, Mama," kinyozi alisema. "Nilijitahidi."

Bibi yule akapitisha vidole kwenye shina, akashuka nalo polepole hadi mizizini, akagusa ncha zilizokatwa sawasawa kama ukosi wa mteja.

"Haya," akasema. "Bandika maji jikoni tunywe chai."

Jumatatu iliyofuata alimfundisha kama kawaida, na hilo ndilo lililomkata maini. Laiti angemfokea! Miezi minane kinyozi alipanda zile ngazi amekata shauri kusema, na miezi minane alishuka hajasema. Kisha binti wa mkunga akaja kumchukua mama yake wakaishi pamoja mji mwingine. Kinyozi alibeba vyungu hadi garini.

"Una neno, mwanangu?" mkunga alimuuliza dirishani.

"Safari njema, Mama."

Mwaka ulipita. Jumamosi moja binti yule akaingia kinyozini, akasema wamemzika mama mwezi uliopita. Kinyozi alizima mashine, mteja nusu kichwa.

"Alinitaja?"

"Sana. Alisema ule mkuyu uliukata wewe. Alijua siku ileile."

"Alikasirika?"

"Siku mbili, basi. Aliniambia, 'Kinyozi wangu atasema tu, mpe muda.' Simu ikilia Jumatatu, alikuwa akidhani ni wewe."

Kinyozi alimmalizia mteja, maana mtu hatolewi nje na nusu kichwa, akakosea mara mbili. Kisha akafunga duka jua likiwa bado utosini, akaenda nyumbani, akamsimulia mkewe yote tangu lile tawi la kwanza. Maneno yenyewe yalikuwa machache mno. Hayakumaliza hata robo saa.